Dunia Nzima kwenye Benchi la Rémy

"Pasaka itakuta dunia nzima imekaa ku benchi yangu!"

Rémy aliyatoa maneno haya kanisani, Jumapili moja ya mwezi wa pili, wakati wa matangazo, baada ya habari za sabuni ya kina mama na kabla ya majina ya wachumba. Hakuna aliyemtuma. Alisimama mwenyewe, akafunga kifungo cha koti, akasema, akakaa. Kwaya ikapiga vigelegele, maana kwaya ile hupigia vigelegele hata tangazo la choo kujaa, mradi msomaji awe na sauti nzuri.

Pasteri Evariste alishusha miwani mpaka ncha ya pua. "Rémy mwanangu, hiyo benchi yako iko na metre ngapi?"

"Mbili na nusu, Pasteri."

"Haya, tuiombee."

Watu walicheka mpaka sadaka ikachelewa. Rémy hakucheka. Alikuwa na mpango, na mtu mwenye mpango hukunja uso kama anayebanwa na kiatu.

Kwa asili Rémy ni mtoto wa Kadutu, Bukavu. Alifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, akiwa na miaka tisa na kiatu kimoja. Cha pili, akiulizwa, husema kilibaki njiani kumwakilisha. Leo ana ishirini na saba. Amewahi kutengeneza simu zikafa zaidi. Amewahi kuuza sambusa akazila. Amewahi kufundisha Kifaransa watu waliokijua kumshinda. Hatimaye akapata kazi inayolingana na kipaji chake, yaani kukaa na kutazama wengine wakicheza. Ana chumba cha michezo: televisheni ya inchi thelathini na mbili, mashine ya michezo iliyotumika Ulaya mpaka ikastaafu, betri ya sola, maneti mbili za kubonyezea, na lile benchi.

Chumba chenyewe si chake. Ni sebule ya dada yake mkubwa, Benedicte, fundi nguo, mwanamke ambaye akikutazama mara moja tu anajua kiuno chako na uongo wako. Cherehani yake imebanwa chumba cha nyuma, pamoja na kitanda, masufuria na subira yake, na kati ya hivyo vyote subira ndiyo inayokaa padogo zaidi.

Ukutani, juu ya televisheni, Rémy aliandika kwa rangi nyekundu: ALIYEFUNGWA ANALIPA. Hiyo ndiyo sheria ya vyumba vya michezo pale kambini. Wawili wanakaa, wanacheza mpira. Aliyefungwa anatoa kwacha mia mbili na kuinuka, mshindi anabaki, mwingine anaingia. Ukiwa hodari unaweza kukaa kuanzia asubuhi mpaka betri ikate bila kutoa hata sarafu moja ya tambala. Dieudonné, kijana mwembamba anayesukuma mkokoteni wa mahindi, alishawahi kucheza siku tatu mfululizo kwa bei ya sifuri, na Rémy alimwogopa kuliko ukame.

Nje, chini ya upenu wa chumba hicho, Papa Léonidas hutengeneza baiskeli. Ni Mnyarwanda aliyepitia Kongo, umri unakaribia sitini, na hajawahi kugusa maneti hata siku moja. Anasema mikono yake ina grisi na heshima. Lakini mdomo wake haujawahi kukosa mechi. Dirisha likiwa wazi, anaacha gurudumu likizunguka hewani, anaingiza kichwa.

"Kushoto! Mpe wa kushoto! Ule ni mguu ama mwiko wa nsima?"

"Papa Léonidas, fanya baiskeli," Rémy husema.

"Mi nafanya. We njo haufanye. Golikipa yako iko inalala!"

"Papa Léonidas!"

Basi mzee hurudisha kichwa, anagonga spoku mbili tatu, na dakika moja baadaye kichwa kimerudi tena dirishani.

Mambo yaliharibika mwezi wa kwanza. Ng'ambo ya njia, hatua kumi na nane (Rémy alizihesabu kwa uchungu), Shyaka naye ana chumba cha michezo. Televisheni ile ile, mpira ule ule. Lakini mwaka huu Shyaka alipata maneti mbili zaidi, sasa kwake wanne wanacheza kwa mpigo, wawili huku wawili kule. Wateja wakahama kama kumbikumbi walioona taa. Kwa Rémy akabaki Dieudonné, ambaye halipi, na kichwa cha Papa Léonidas dirishani, ambacho pia hakilipi.

Ndipo Benedicte aliposhinda kazi ya kushona nguo za kwaya za Pasaka, nguo arobaini, zambarau, zenye kola nyeupe. Jioni ile aliingia sebuleni na kitambaa begani na futi shingoni.

"Petit, meza yangu ya kukatia itakaa wapi?"

"Yaya," alimjibu dada yake, "huku kuna benchi."

"Naiona. Iko tupu. Benchi tupu na meza yenye kazi, gani njo inakula chumba?"

"Itajaa. Nipe muda."

Benedicte alifikiri. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni kwenye mto wa mwisho walipokuwa wakikimbia vita, na mtu uliyembeba mgongoni huwezi kumtua hivi hivi. "Jumamosi ya mbele ya Matawi nakuja na futi yangu. Nikikuta benchi imejaa, inabaki. Nikikuta kuna nafasi ya kuweka hata tako moja, benchi inatoka, meza inaingia, na we unaanza kukata kola."

"Kola?"

"Makumi ine."

Jumapili iliyofuata ndipo alipojisifu kanisani. Sasa unajua kilichomsimamisha.

Mpango wenyewe aliuona kwenye simu. Kulikuwa na mchezo mpya, jina lake la Kiingereza refu kama hukumu, lakini kwa vile watu sitini wanatupwa kisiwani na kupigana mpaka abaki mmoja, Dzaleka nzima iliuita Sitini. Huchezi peke yako. Hauna hadithi wala ngazi za kupanda. Unaingia mtandaoni, unakutana na watu wa Brezil, wa Poland, wa Afrika Kusini, mnaumizana, basi. Rémy akapiga hesabu ya hodari. Shyaka ana wachezaji wanne. Yeye atakuwa na sitini. Na uzuri ulioje, wale hamsini na tisa kila mmoja anakaa kwao na maneti yake! Kwa hiyo yeye anahitaji moja tu.

Akauza ya pili. Akauza na sahani ya mpira, ile diski ya mchezo, kwa kuwa nani atarudi kuangalia mpira akishaionja dunia? Vyote alimuuzia Shyaka, na baiskeli yake juu.

"Sha, uko unaacha kazi?" Shyaka aliuliza, huku akihesabu pesa haraka haraka asije akabadili nia.

"Napanda cheo."

"Kwa mguu?" Shyaka alisema, akipapasa tandiko la baiskeli.

Mjini Lilongwe, kwenye duka moja lenye ubaridi wa kukausha jasho na matumaini, muuzaji kijana wa Kimalawi alimtolea sahani ndani ya jalada lake la plastiki. Waliongea Kichewa, lugha ambayo Rémy huiongea kama alivyokuwa akicheza mpira, kwa nguvu zote na bila shabaha.

"Achimwene, huu bila intaneti haufunguki. Hauna mchezo wa peke yako. Unaelewa?"

"Hivyo hivyo ndivyo nautaka. Bei?"

"Laki moja na sitini elfu."

"Nipe kwa themanini."

"Kwa nini themanini?"

"Wenzake hapo kabatini wana pande mbili, hadithi ya kucheza peke yako, halafu wa kucheza na watu. Bei laki na sitini. Huu una upande mmoja. Nipe bei ya upande mmoja."

Yule kijana aliligeuza jalada, akalikagua huku na huku kwa uaminifu. "Bei ni ya jalada, achimwene. Jalada ni zima."

Rémy akahesabu noti. Muuzaji, roho ikamsuta, akaongeza: "Na kila mwezi kuna ada ya kuingilia mtandaoni."

"Nimeshanunua mlango, nalipa tena kuugonga?"

"Ee. Na siku wenyewe wakichoka wakazima mitambo yao huko, zikomo, umebaki na kioo cha kunyolea."

Siku mbili akalala mtaani Kauma kwa rafiki yake Guy, muuza suruali za mitumba, kwa sababu mchezo ulipowekwa kwenye mashine, aliyokuwa ameibeba kutoka kambini, uliomba kwanza ule intaneti, na uliila kama mgeni wa harusi. Jirani wa Guy alikuwa na intaneti ya nyumbani, wakalipia kidogo, wakakaa wanatazama mstari wa buluu ukitambaa.

"Mi naona bei ni sawa," Guy alisema. Guy hupenda kila kitu ambacho hajakilipia. "Mchezo ya hadithi, ukiimaliza imekufa. Unajua nani aliua mfalme, sasa utaicheza tena ya nini? Hii haina mwisho. Kila siku bantu bapya. Unanunua bantu, mon cher, haununue sahani!"

"Unanunua bantu," Rémy alirudia, na aliendelea kurudia kwenye minibasi, na pale Lumbadzi aliposhuka kubadilisha gari, na mgongoni mwa kabaza ya mwisho, mpaka mwendesha baiskeli akamuuliza kama ni mahubiri ya kesho.

Benedicte aliposikia bei alikaa chini kwanza. Kisha akaomba kuiona sahani, akaishika kwa vidole viwili.

"Kwa hiyo mutu peke yake hawezi kuicheza?"

"Hapana, yaya. Mpaka na bengine."

"Na bale bengine bako wapi?"

"Brezil. Poland."

"Petit," alisema kwa upole, na upole wake ndio wa kuogopwa, "umenunua suruali ya mguu mumoja kwa bei ya suruali nzima. Mguu mungine uko Brezil."

Siku ya ufunguzi, Jumamosi, wiki mbili kamili kabla ya ile ya futi, benchi lilijaa mpaka likalia. Watu kumi na moja, wengine wamepakatana, Papa Léonidas dirishani hadi mabega. Ng'ambo Shyaka alisimama mlangoni kwake amekunja mikono. Rémy akaunganisha simu, duara likazunguka, kisiwa kikatokea. Watu wakasema "eeeh!" na hilo "eeeh" lilimwingia Rémy kama chai ya asubuhi.

Wa kwanza alikuwa Dieudonné. Wenzake kisiwani walitua wakikimbilia bunduki. Dieudonné hakukimbilia bunduki. Aliona nyumba, akaingia, akapanda juu, akajikunja nyuma ya pipa, akatulia.

"Pigana!" benchi likapiga kelele.

"Mi sina neno na mutu," alisema Dieudonné.

Mtu aliyevuka mipaka mitatu chini ya kitenge cha mama yake, utamfundisha nini juu ya kujificha? Nje walichinjana. Hamsini wakabaki, thelathini, tisa. Kila baada ya muda Dieudonné alihama pipa moja kwenda lingine, bila haraka, kama mtu anayefuata kivuli. Walibaki wawili. Yule mwingine, jina lake limejaa nambari, alipita mlangoni akitafuta, akampa mgongo. Dieudonné, ambaye mpaka dakika ile hakuwa amepiga risasi, akapiga moja.

Chumba kililipuka. Wakambeba Dieudonné, wakamgonga kichwa kwenye boriti, wakamshusha. Rémy, jasho la furaha likimtiririka, akanyoosha kiganja.

"Mia mbili."

"Ya nini?"

"Umecheza."

Dieudonné aliinua kidole, polepole, akaonyesha ukuta juu ya televisheni. ALIYEFUNGWA ANALIPA.

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka kwa pua.

"Lakini waliofungwa bako Brezil!" alisema Rémy.

"Hiyo haiko neno yangu, chef. Mi nilifunga. Bantu makumi tano na kenda walifungwa. Ukamate pesa kwao."

"Hamsini na tisa mara mia mbili," alipiga hesabu mwingine, "ni elfu kumi na moja na mia nane. Rémy ni tajiri!"

"Nitawapataje?"

"We njo ulituambia kanisani, dunia nzima itakaa ku benchi yako," alisema Dieudonné kwa sauti ya huruma. "Sasa iko imekaa. Iambie ilipe."

Benchi zima lilikata shauri: sheria ni sheria, imeandikwa, tena kwa mkono wake. Rémy alitafuta macho ya kumtetea akakuta meno matupu. Waliofuata walikufa mapema na wakalipa, kweli, lakini kwa manung'uniko, maana waliyemlipia kushindwa hawakumwona hata pua.

Na hapo ndipo palipouma. Siku ya pili Rémy alifuta sheria, akasema kila mtu alipe kwa dakika. Wakauliza dakika za duara kuzunguka nani analipa. Siku ya tatu mtandao ulichelewa. Unafyatua sasa, risasi inaenda kwa kabaza, ikifika mwenyewe ameshahama. Siku ya nne kifurushi cha simu kiliisha katikati ya vita na mchezaji akaganda hewani kama nguo kwenye kamba. Lakini kubwa kuliko yote, benchi liliona mchezo umepoa. Ukimfunga jirani yako mpira, unageuka unamwangalia usoni, unamwita shemeji, unamkumbusha mpaka Krismasi. Huyu wa Poland ukimfunga anapotea. Unamtukana kwa Kiswahili kizuri kabisa, tusi la nasaba, tusi lenye mashina na matawi, na yeye hana habari. Ni kama kumtekenya aliyelala hospitali.

"Bora kwa Shyaka," alisema mmoja akiinuka, "pale nikikufunga naona unavyolia."

Kufikia Jumatano ya wiki ya pili benchi lilikuwa na mtu mmoja, Rémy mwenyewe. Ng'ambo ya njia walikuwa wakipiga kelele za goli, kwa maneti iliyokuwa yake. Kutoka chumba cha nyuma alisikia mkasi wa Benedicte ukikata kitambaa cha zambarau sakafuni, na kila mara Benedicte alipoinuka kunyoosha mgongo alisema "aïe, mama," si kwa sauti kubwa, ila ya kutosha.

Alhamisi Rémy akacheza peke yake, kwa hasira. Alitua kisiwani, akakimbia wazi uwanjani.

"Ingia nyumbani!" Kichwa cha Papa Léonidas kilikuwa dirishani. "Juu ya nini unakimbia ku mwangaza? Uko mbuzi?"

"Papa Léonidas, fanya baiskeli."

"Kuna mutu nyuma ya jiwe! Jiwe! Nilikwambia jiwe! Ona sasa, amekufa. Amekufa kama kuku wa mgeni."

Rémy alitupa maneti kwenye benchi. "Papa! Miaka mine kichwa yako iko mu dirisha yangu. Haujacheza. Haujalipa. Kama kila neno yako ingelikuwa inalipiwa, leo mi niko na nyumba ya gorofa Lilongwe na yaya yangu iko na meza tatu!"

Alijuta palepale. Mtu hamsemi hivyo mtu mzima. Papa Léonidas alitoa kichwa dirishani. Ikasikika kopo la vifaa likifunguliwa, likifungwa. Kisha, kwa mara ya kwanza katika ile miaka minne, aliingia kwa mlango. Alifuta grisi kwenye suruali, akatoa noti ya kwacha mia, akaiweka juu ya televisheni, akaibana na spana ili upepo usiibebe. Akakaa katikati ya benchi.

"Nimelipa," alisema. "Sasa cheza. Na usiniambie kunyamaza."

"Papa, mi nilikuwa nasema tu..."

"Cheza! Mi niko na kazi ya kusema hapa."

Rémy akacheza. Na mzee akasema. Alisema juu ya mkimbio wake, juu ya shabaha yake, juu ya wazungu wanaojenga nyumba bila jikoni. Alimlinganisha Rémy na vitu ambavyo siwezi kuviandika. Kwenye mstari wa mgao mtu huyu huambiwa asubiri, ofisini huambiwa arudi Jumanne, nyumbani mkewe Mukakarangwa humwambia alishasema hilo jana. Hapa alikuwa amelipa, na hakuna wa kumkatiza. Sauti ikapanda. Ikavuka njia, hatua kumi na nane, ikaingia kwa Shyaka katikati ya penalti.

Wa kwanza kuja alikuwa Dieudonné. Alisikiliza mlangoni, akafungua mdomo kujibu.

"Simama!" Papa Léonidas aliinua kiganja cheusi. "Umelipa?"

"Mi nataka tu kusema kwamba ile pipa..."

"Mi nimelipa. We umelipa?"

Dieudonné, mtu asiyewahi kutoa tambala chumbani mle, aliutazama ule mkono, akaitazama skrini ambako Rémy alikuwa anajificha nyuma ya pipa lisilo sahihi kabisa, na uso wake ukawa wa mtu anayebanwa na haja. Akatoa mia. Akaibandika juu ya televisheni. Akavuta pumzi. "HIYO PIPA INAONEKANA KUTOKA KU DIRISHA, WE MWANA WA NANI!"

Rémy alikufa kisiwani akicheka. Ndani ya kile kicheko akaelewa kitu ambacho muuzaji wa mjini na Guy wa Kauma wote walikikosa. Kweli alinunua watu. Ila wale wa ndani ya jalada hawakuwa na thamani ya nusu bei. Wenye thamani walikuwa hawa waliokaa, wenye midomo, na hawa hakuna aliyewahi kuwalipisha kwa kusema.

Ijumaa walikuja saba. Kucheza kukawa bure, tena hakuna aliyegombania. Anayecheza ndiye anayetukanwa. Waligombania kusema. Mtu akilipa mia yake, ana ruhusa ya mechi nzima, na haramu kumwambia anyamaze. Mtandao ulipochelewa, ikawa neema, kwa kuwa lile duara likizunguka kulikuwa na nafasi ya kumsema mchezaji kuanzia ukoo wake. Hata yule wa Poland akawa na faida: sasa alikuwa adui wa wote, na adui wa wote huunganisha benchi kuliko pasteri.

Jumamosi, kabla ya Jumapili ya Matawi, saa tisa alasiri, Benedicte alifungua mlango wa ndani na futi shingoni.

Hakukuwa na pa kupita. Benchini walikuwa kumi na wawili, wengine sakafuni, waendesha kabaza wawili dirishani. Katikati alikaa Shyaka, kwa kuwa kwake zilibaki maneti nyingi na midomo hakuna. Alikuwa ametoa mia yake na kusimama kumwelekea Rémy.

"Muheshimiwa wa kanisa! Dunia nzima naiona. Pasaka tu njo haijafika!"

Dieudonné ndiye aliyekuwa na maneti, kajificha kwenye ghorofa ya nyumba moja kisiwani, wamebaki wanne, lakini Rémy alikuwa anamtazama dada yake. Benedicte aliivuta futi shingoni. Alitafuta ncha ya benchi ilipo, akaipata chini ya paja la mtu, akaipima mpaka ncha ya pili, sentimita kwa sentimita. Aliangalia kama pana nafasi ya tako moja. Hapakuwapo. Mwisho wa benchi kijana mmoja alikuwa amekalia hewa na imani.

Benedicte akakunja futi. Akanyanyua macho kwenye skrini, kwa bahati mbaya tu, kama mtu anayetazama saa. Dieudonné alikuwa amesimama nyuma ya pazia.

Mdomo wa Benedicte ulijitahidi kukaa umefungwa. Lakini ni fundi kwa miaka kumi na saba sasa.

"Pazia gani hiyo! Pindo iko wapi? Ilikatwa na shoka? Na we umejificha nyuma yake, hauone haya?"

Benchi zima, kwa sauti moja ambayo kwaya haijawahi kuifikia hata na kinanda: "ALIPE!"

"Nilipe nini, mu nyumba yangu?"

"Alipe! Alipe! Alipe!"

Alimtazama Rémy. Rémy alitazama chini, kisha akanyoosha kiganja. Benedicte alifungua fundo la kitenge kiunoni, taratibu, akatoa noti, akaikunjua, akaiweka kwenye kile kiganja, akakishika kiganja chenyewe.

"Asubuhi ni meza yangu mpaka saa sita," alisema. "Mchana ni benchi yako. Na kola utakata."

"Makumi ine, yaya?"

"Makumi mbili. Sasa usiniambie kunyamaza." Akageukia skrini, akapandisha mikono ya blauzi. "We Dieudonné! Toka ku hiyo pazia, aibu!"

Jumatatu asubuhi, kabla ya meza kuingizwa, Rémy alipanda kiti, akapaka chokaa juu ya maandishi yake mekundu, akasubiri yakauke, akaandika upya. Kucheza ni bure. Kusema ni kwacha mia moja.